Tupeane uzoefu: kusoma saini ya fanksheni kwenye maelezo rasmi

Wakuu, wengi wanaruka mstari wa saini (ule unaoonyesha jina la fanksheni na vitu inavyopokea) na kukimbilia mifano, kumbe majibu mengi yamo humo. Tuwekeane alama zinazosumbua. Naanza na Python:

sorted(iterable, /, *, key=None, reverse=False)

Kilichotangulia mkwaju (/) hupewa kwa nafasi yake tu, bila jina. Kinachofuata nyota (*) iliyosimama peke yake lazima kitajwe jina. Ndiyo maana, bei ikiwa orodha yako, sorted(bei, True) inaleta kosa la TypeError; andika sorted(bei, reverse=True). Chenye alama ya = kina thamani tayari, unaweza kukiacha. Nyota iliyoshikana na jina ni jambo jingine kabisa: print(*objects, ...) inapokea vitu vingi upendavyo.

— Mkuu, ongeza mabano ya mraba. Ukikuta pop(key[, default]) ya dict (kamusi ya Python yenye ufunguo na thamani yake), mabano hayo si orodha wala huyaandiki. Yanasema kilichomo ni hiari. Ila soma na sentensi ya chini yake: bei ikiwa dict, bei.pop("sukari") bila default, ufunguo ukikosekana, ni kosa la KeyError. bei.pop("sukari", 0) hapo inarudisha 0.

— Upande wa Java, neno lililo kabla ya jina ndilo aina ya kinachorudi. List (orodha ya Java) ina saini mbili za jina moja, ya kwanza huondoa kwa nafasi, ya pili huondoa kitu chenyewe:

E remove(int index)
boolean remove(Object o)

Hapa watu wanaumia sana. ArrayList<Integer> (orodha ya namba kamili) ikiwa na 10, 20, 30, ukiandika remove(10), Java inachagua ile ya int, inatafuta nafasi ya 10, na unapata IndexOutOfBoundsException. Mbaya zaidi ni orodha ya 1, 2, 3: remove(1) inaondoa 2, kimya kimya, maana nafasi zinaanza 0. Ukitaka kuondoa namba 1 yenyewe, andika remove(Integer.valueOf(1)).

— Saini nyingi za Python kwenye maelezo hazionyeshi kinachorudi. list.sort() hupanga orodha ileile na kurudisha None, hivyo bei = bei.sort() inakupotezea orodha. sorted() ndiyo inayorudisha orodha mpya.

— Na angalieni toleo. sum(iterable, /, start=0) inakubali start kwa jina kuanzia Python 3.8 tu. Salama ni kuandika help(sum) kwenye mashine itakayoendesha programu. Inaonyesha saini ya toleo lililopo hapo. Ukiona maandishi yamejaza skrini, bonyeza q kutoka.