Naomba ushauri: greilingi wa mto Dee wamegoma kula mwishoni mwa majira ya baridi

Mto_Rufiji aliandika:

Habari za jioni wanajukwaa.

Ninaishi Wrexham, kaskazini mwa Wales, na tangu majani yalipoanza kudondoka nimekuwa nikienda mto Dee, sehemu ya kati ya Corwen na Llangollen, kuvua greilingi kwa nzi bandia. Kwa wasiomfahamu, huyu ni samaki wa ukoo mmoja na samoni na trauti, mwenye pezi kubwa la mgongoni linalosimama kama tanga, na tofauti yake kubwa na hao ndugu zake ni kwamba yeye hutaga mayai majira ya kuchipua, si mwanzoni mwa baridi. Kwa sababu hiyo, miezi ambayo trauti amefungiwa ndiyo miezi ambayo greilingi ana nguvu na afya. Msimu wake mtoni hufungwa tarehe 15 Machi hadi tarehe 15 Juni, na ndiyo maana ninaandika sasa, Februari ikiwa inaelekea ukingoni.

Oktoba na Novemba nilipata samaki wa kuridhisha katika maji ya kasi yenye kina cha magoti. Tangu baridi ya Januari iingie, mto umekuwa kimya. Ninatumia ufito wa futi 9, mshipi unaoelea, nimfu mbili (nzi bandia wanaoiga wadudu wachanga wa chini ya maji) zenye shanga za shaba, na kifundo cha sufi juu ya mshipi cha kunionyesha samaki anapodona. Ninafika saa moja na nusu asubuhi, kunapopambazuka, na kuondoka saa tano kwa sababu ya zamu za kazini. Juma lililopita kipimajoto kilionyesha nyuzi 3 za Selsiasi. Nimebadilisha nzi wa kila rangi niliyonayo kwenye kisanduku.

Je, samaki wamehama? Je, kuna nzi ambaye sijamjaribu? Au busara ni kuacha mpaka Juni?

Babu_wa_Wharfe alijibu:

Ndugu Mto_Rufiji, samaki wapo, ila hawapo pale unapowatafuta, wala hawali katika saa unazokwenda.

Nianze na mahali. Greilingi akipatwa na baridi huacha maji ya kasi na kukusanyika kwa makundi kwenye madimbwi yenye kina na mikondo ya polepole, ambako hahitaji kupigana na maji ili abaki alipo. Joto la mwili wake hufuata joto la maji, kwa hiyo maji yakishuka hadi nyuzi 3 mmeng'enyo wake hupungua kasi na chakula kidogo humtosha kwa muda mrefu. Bado anakula, na huyu hula katika baridi ambayo samaki wengi wa mtoni hawafungui kinywa kabisa, lakini hatasogea nusu mita kukifuata chakula. Ni juu yako kukipeleka mpaka mbele ya pua yake, na pua yake iko chini, karibu na changarawe.

Hapo ndipo penye tatizo lako, na wala si rangi ya nzi. Maji ya juu ya mto huenda kwa kasi kuliko maji yanayosugua sakafu yake. Mshipi wako unaelea, na kile kifundo cha sufi kinaelea, kwa hiyo vyote viwili vinaburutwa na maji ya juu na kuzivuta nimfu zipite haraka kuliko wadudu halisi waliobebwa na maji ya chini. Katika kina cha magoti tofauti hiyo haikuwa kubwa, na Oktoba samaki alikuwa tayari kukimbilia chakula. Katika dimbwi la mita moja na nusu, nimfu zako huenda hazifiki chini hata mara moja kabla hujazirusha upya.

Ondoa kifundo. Mshipi unaoelea nao usiguse maji, yaani vua karibu na wewe, kwa mtindo uliotoka Poland na Czechoslovakia ya wakati ule na kuenea magharibi mwa Ulaya katika miaka ya 1980. Simama pembeni ya mkondo, rusha nimfu juu kidogo ya ulipo, inua ufito ili uzi mwembamba peke yake ndio uingie majini, kisha uzifuatishe nimfu kwa ncha ya ufito kwa mwendo wa maji ya chini. Uzi ukisita, au ukikatisha mwendo hata kidogo sana, inua mkono. Mara nyingi ni jiwe, lakini katika baridi greilingi hadoni kwa kishindo, na anayesubiri kuvutwa atasubiri mpaka jioni.

Shanga za shaba badilisha ziwe za tangsteni. Uzito wa tangsteni kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara mbili ya shaba, hivyo unapata nimfu ndogo inayozama upesi badala ya nimfu nene inayoelea kati ya maji. Uzi wa mwisho uwe wa milimita 0.12 hivi, kwa kuwa uzi mnene husukumwa na mkondo na kuichelewesha nimfu kuzama. Ufito wa futi 10 ungekurahisishia kazi, lakini usinunue mwingine mwezi huu. Huo wa futi 9 utatosha.

Sasa kuhusu saa. Kwenda alfajiri ni tabia nzuri ya Julai. Mwishoni mwa baridi, maji ya asubuhi ndiyo ya baridi kuliko yote ya mchana huo. Mimi sitoki nyumbani kabla ya saa nne. Kati ya saa sita na saa nane mchana, hata Februari, wadudu wadogo wa mtoni wenye mabawa ya kijivu, ambao wataalamu huwaita Baetis rhodani, huanza kupanda kutoka kwenye changarawe ili watoke majini, na greilingi waliokuwa wamelala asubuhi nzima huamka kwa muda huo mfupi. Ukiona miduara juu ya maji, nimfu nzito zimemaliza kazi yake. Funga nzi laini wa manyoya ya kwale, wale wa Yorkshire, na umwache aelee chini kidogo tu ya uso wa maji.

Dada_wa_Salisbury alijibu:

Ninakubaliana na Babu karibu katika yote, ila suala la nzi asilipuuze kiasi hicho. Mimi ninavua mito ya chokaa ya Wiltshire, na huku kuna nzi ambaye simwachi nyumbani: yule wa sufi ya rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, iliyozungushwa juu ya waya wa shaba, aliyebuniwa na Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto wa Avon. Sawyer alimtengeneza mahsusi ili kuwatoa greilingi mtoni, kwa sababu zama zile walihesabiwa kuwa wasumbufu kwenye maji ya trauti. Anafanana na kamba wadogo wanaotambaa chini, na greilingi, ambaye kinywa chake kimeelekea chini, anawapenda mno. Nzi mwenye wekundu au waridi hufanya kazi katika maji ya baridi kiasi cha kunishangaza.

Hata hivyo ni haki niseme kwamba mito yetu si kama Dee. Maji yetu hutoka kwenye chemchemi za chini ya ardhi yakiwa na nyuzi 10 au 11 mwaka mzima, kwa hiyo Februari yetu si kali kwa samaki. Dee hupokea mvua na theluji ya milimani moja kwa moja.

Kuna jambo ambalo Babu hakuligusa, nami naliona zito kuliko nzi na shanga. Trauti na samoni wametaga kuanzia Novemba, na mayai yao, au vifaranga ambavyo bado havijatoka, vimo ndani ya changarawe mpaka majira ya kuchipua. Ukiona pahali ambapo changarawe ni safi na nyeupe kuliko kandokando yake, penye shimo dogo na kilima nyuma ya shimo, usipakanyage. Hatua moja ya buti inaua mengi. Ingia majini pale tu penye ulazima, na dimbwi unaloweza kulivua kutoka ukingoni livue kutoka ukingoni.

Kiongozi_Nyeri alijibu:

Salamu kutoka Nyeri. Greilingi mimi sijapata kumshika, lakini kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaovua trauti kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Trauti wenyewe ni wageni huku. Inaelezwa kwamba wa kwanza walipandwa kwenye mto Gura mwaka 1905. Hatuna majira ya baridi ya Ulaya, ila alfajiri juu ya mlima maji yanakata vidole, na anayoyasema Babu kuhusu maji ya juu na maji ya chini ninayaona kila juma kwa wageni wanaovua dimbwi zima bila nimfu yao kugusa sakafu.

Swali langu kwa aliyeanzisha mada: siku zile ulizokosa, mto ulikuwa unapanda au unashuka? Huku kwetu, mto unaopanda hunipa wasiwasi kuliko mto uliojaa lakini umetulia.

Mto_Rufiji aliandika:

Babu wa Wharfe, shikamoo. Nawashukuru nyote. Ndugu wa Nyeri, sikuwa nimelitazama hilo, lakini nimerudi kwenye vipimo vya kina ambavyo Natural Resources Wales, taasisi ya mazingira ya Wales, huweka mtandaoni, na naona juma lile mto ulikuwa ukipanda taratibu baada ya theluji ya milimani kuyeyuka. Isitoshe, mto huu unadhibitiwa kutoka ziwa la Llyn Tegid na mabwawa ya Llyn Celyn na Llyn Brenig, na maji yakifunguliwa huko juu sisi huku chini tunaona kina kikibadilika bila tone la mvua.

Nimefanikiwa kubadilishana zamu na mwenzangu, kwa hiyo Jumamosi nitakuwa mtoni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, trauti hapa Wales hufunguliwa tarehe 3 Machi, na greilingi hufungwa baada ya tarehe 14. Je, katika siku hizo zinazokutana kuna ubaya kuendelea kumtafuta greilingi ambaye huenda amebeba mayai? Pili, niwashike vipi samaki wakati hewa yenyewe iko chini ya sifuri?

Babu_wa_Wharfe alijibu:

Marahaba, mwanangu.

Theluji inayoyeyuka inaeleza mengi. Maji yake huingia mtoni yakiwa karibu na sifuri, na siku ya jua zuri inaweza kumdanganya mvuvi, maana hewa inapata joto huku mto ukizidi kupoa. Pima joto unapofika, kisha upime tena baada ya saa moja. Mimi hufuata mwelekeo kuliko tarakimu: nyuzi 4 zinazopanda kuelekea 5 zinanifaa kuliko nyuzi 6 zinazoshuka.

Kuhusu Machi, sheria inakuruhusu mpaka tarehe 14. Mimi binafsi huendelea, ila majike wakianza kuonekana wazito huacha mapema.

Dada_wa_Salisbury alijibu:

Hapa mimi na Babu tunaachana. Machi inapoingia mimi humwacha greilingi kabisa. Anakaribia kutaga, amejikusanya pamoja na wenzake, na ukigundua kundi moja unaweza kuwatoa samaki walewale mmoja baada ya mwingine kutoka shimo moja. Kwa kuwa trauti utakuwa umefunguliwa, una samaki mwingine wa kutafuta katika maji tofauti. Hata Februari, nikishapata watatu au wanne kwenye dimbwi moja, naondoka.

Kuhusu kushika: tumia ndoano isiyo na kijino, na umfungue samaki akiwa bado majini ndani ya wavu. Usimtoe kwa ajili ya picha kukiwa na barafu hewani, kwa sababu matamvua yake ni laini na yanaweza kuganda. Greilingi hupigana mpaka anaishiwa nguvu kuliko trauti, na ukimwachia upesi hugeuka tumbo juu na kwenda na maji. Mshike wima, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, ndani ya maji ya polepole, mpaka ajisukume mwenyewe kutoka mkononi mwako. Pengine itachukua dakika nzima au zaidi, na vidole vyako vitalalamika.

Babu_wa_Wharfe alijibu:

Sina ugomvi na Dada. Dimbwi moja lisikamuliwe.

Nyongeza ya mwisho kabla ya Jumamosi. Pete za ufito, zile mshipi unamopita, zitaganda barafu. Zitumbukize majini ziyeyuke, usizivunje barafu kwa kucha, maana pete ya ncha hukatika kirahisi. Mkanda wa ile suruali ya mpira ufunge kwa nguvu kiunoni, uwe na mkongojo wa kupimia kina, na mwambie mtu nyumbani sehemu utakayokuwa na saa utakayorudi. Dee ina mawe yanayoteleza, na maji ya nyuzi 4 humnyang'anya mtu pumzi na nguvu za mikono ndani ya dakika chache. Ukivua kwa mtindo wa karibu huhitaji kupita kina cha mapaja.

Anzia mkia wa dimbwi refu kuliko yote unayoyajua, yaani maji yanakotokea, upande kwa hatua fupi kuelekea kichwa chake, maji yanakoingilia, na kila mstari uupitishie nimfu mara kadhaa kabla ya kusogea. Ukimpata mmoja, usihame. Pale alipo ana wenzake.

Mto_Rufiji aliandika:

Nimeelewa. Tangsteni nimeshaagiza, na nzi wa Sawyer nitawafunga mwenyewe kesho usiku, kwa kuwa sufi ya rangi hiyo mke wangu anayo kwenye kapu lake la kufumia. Dimbwi ninalolifikiria liko chini kidogo ya Corwen, lina miti upande mmoja na ukingo wa nyasi upande wa pili, hivyo sehemu kubwa nitaweza kuivua bila kuingia majini. Nikikuta kina kinapanda nitarudi nyumbani. Kikiwa kimetulia, nitaandika hapa joto la maji la saa tano na la saa saba, tuone kama walidona.