Fundi wa mjini kanipachikia draivu ya DVD kwa kadi ya harusi!

Jamani wanajamvi, mie leo hata chai haikushuka.

Kazi yangu kupiga video za harusi hapa Chake Chake, Pemba. Flashi ninazo, lakini mama wa bibi harusi akitaka DVD ya kuweka kabatini utamwambia nini? Draivu ya laptopu yangu ilishakufa, haisomi wala haichomi. Nikapanda boti Mkoani hadi Unguja, nikaingia duka moja Darajani. Namuuliza fundi, hii itakaa? "Zote sawa hizo kaka, plagi moja." Sh. 65,000. Akatia, akawasha, ikasoma. Nikamshukuru kabisa!

Plagi kweli moja, zote za aina iitwayo SATA. Unene je? Zipo za milimita 12.7 na zipo za 9.5. Yangu 12.7, yeye kanitilia ya 9.5.

Jumamosi usiku nabonyeza trei itoke, inatoka draivu nzima kama jino bovu. Nageuza laptopu: tundu la skurubu lipo, skurubu haipo. Kwenye ule mwanya kachomeka kipande cha kadi, kakikunja mara nne, maandishi ya dhahabu bado yanang'aa: "...mnakaribishwa kwenye walima". Wallahi. Mie, mpiga video za harusi!

Meza ikitikisika kidogo plagi inaachia, uchomaji unakatika njiani, DVD hiyo jaani. Nishatupa tano.

Nampigia simu, ati mali ikishauzwa hairudi, ila nikitaka niende nayo aiangalie. Niende nayo! Nauli ya boti kwenda na kurudi atatoa yeye? Na draivu yangu ya zamani kabaki nayo, ilhali ndiyo yenye kibati cha nyuma kinachoshika skurubu, na uso wa mbele uliokatwa kwa umbo la laptopu yangu. Vitu hivyo unavihamisha kutoka ya zamani kwenda mpya, kazi ya dakika tano. Hajui, au anajua? Maana rula ya mtoto wa skuli ingetosha kumwambia hii siyo.

Pesa nishaisamehe. Nataka kibati changu na uso wangu, avitie kwenye bahasha ampe yeyote anayekuja Pemba. Na mwenye draivu nene ya 12.7 hapa kisiwani, hata kuukuu maadamu inachoma, aniandikie hapa hapa. Nina harusi nyengine Ijumaa.