Kaka amefia ugenini, mwili tunaurudishaje nyumbani?

Dada Mtu ameuliza:

Habari zenu. Kaka yangu mkubwa amefariki ghafla nchi ya mbali alikokuwa akifanya kazi. Alikutwa chumbani kwake, kwa hiyo polisi waliitwa na mwili ukapelekwa kufanyiwa uchunguzi. Kule hatuna ndugu hata mmoja. Aliyetupa taarifa ni mwenzake wa kazini, na tunaongea naye kwa kubabaisha kwa kuwa hatuna lugha moja ambayo sote tunaijua vizuri.

Wazee wameniachia mimi jambo hili. Mama anataka kumwona mwanawe na kumzika nyumbani, nami nataka hivyo hivyo. Ndugu wengine wameshaanza kudai tarehe ya maziko ili watangaze. Kampuni moja ya mazishi ya huko nayo imemfuata yule mwenzake, inataka familia isaini leo leo. Halafu kwenye pasi kaka ana majina matatu, kwenye kitambulisho cha kazi mawili. Naomba aliyewahi kupita njia hii anielekeze: naanza na nani, na kitu gani nisikubali kusaini?

Mama Pacha amejibu:

Pole sana mdogo wangu, poleni nyumba nzima. Mimi nilimrudisha mume wangu, kwa hiyo ninayokwambia nimeyapitia.

Watu wengi huanzia kule mwili uliko. Wewe anzia huku utakakopokelewa. Kampuni ya mazishi ya kule inajua masharti ya kuutoa mwili nchini mwao, lakini haina lazima ya kujua nchi yenu inadai nini ili uingie. Jeneza likishafungwa, karatasi iliyosahaulika ni taabu. Kwa hiyo simu ya kwanza ni ubalozi au konseli ya nchi yenu iliyoko kule. Waombe kwa maandishi orodha ya hati zote na waseme kila moja inagongwa muhuri na nani. Usiogope kuwasumbua. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu shughuli za konseli unataka mamlaka za nchi alikofia mgeni ziijulishe konseli ya nchi yake bila kukawia, kwa hiyo hii ni kazi yao kabisa.

Orodha hutofautiana, ila kwa kawaida utakuta cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili, cheti cha kupakwa dawa ya kuzuia mwili usiharibike, cheti cha daktari kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, uthibitisho kwamba ndani ya jeneza mna mwili wake peke yake, na pasi yake. Vyeti vikiwa kwa lugha nyingine, vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

Kwa kuwa polisi wameingia, hakuna kampuni inayoweza kuuondoa mwili kabla mamlaka ya uchunguzi haijauachilia. Hata wakikuahidi ndege ya kesho, mwili hautoki. Na kuuachilia mwili hakumaanishi uchunguzi umekwisha. Mara nyingine chanzo cha kifo huandikwa "kinasubiri majibu ya maabara" na mwili unasafiri hivyo hivyo. Uliza ubalozini kama nchi yenu inapokea cheti cha namna hiyo.

Suala la majina ni zito kuliko linavyoonekana. La mume wangu kwenye pasi lilikuwa na herufi moja zaidi ya lile waliloliandika wahudumu kwenye kibao cha jeneza, na mzigo ulizuiwa hadi kibao kingine kikachongwa. Chagua jina la pasi, lote, kwa mfuatano ule ule, na udai kila hati ilifuate: cheti, kibali, kibao, hati ya shehena. Omba picha ya kila karatasi kabla ya kutiwa muhuri uisome herufi kwa herufi.

Kuhusu saini, usisaini karatasi yoyote usiyoielewa lugha yake. Makubaliano yaseme wazi bei inaishia wapi, mlangoni mwa ndege kule au uwanjani kwenu mnapopokea. Ada ya mochwari ikizidi kwa sababu polisi wamechelewa, nani analipa? Hilo nalo liandikwe. Na kabla hamjachangisha, ulizeni mwajiri wake. Mikataba mingi ya kazi ugenini, pamoja na bima za safari na za afya, ina kipengele cha kurudisha mwili. Bima nyingine hudai zenyewe ndizo zichague kampuni ya mazishi, ukishasaini na kampuni nyingine, bima hizo zinakataa kulipa. Hiyo peke yake inatosha kukufanya usisaini leo.

Tarehe ya maziko usiitaje kwa mtu. Waambie ndugu tarehe itatoka siku namba ya hati ya shehena ya ndege itakapokuwa mkononi. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mzee wa Kago amejibu:

Pole dada. Nimefanya kazi ya shehena za ndege miaka mingi, na majeneza nimeyapokea kwa mikono yangu. Mama Pacha kasema kweli, naongeza ya upande wetu.

Mwili husafiri kama shehena. Kwenye hati utaona herufi HUM, alama wanayotumia mashirika ya ndege kwa mwili wa binadamu. Maana yake hamtampokea pale abiria wanapotokea. Mnakwenda jengo la mizigo, lenye saa zake za kazi na maofisa wake wa forodha na afya. Jina la mpokeaji kwenye hati liwe la mtu atakayekuwepo pale na kitambulisho chake. Wengi huandika jina la mzazi kwa heshima, halafu mzazi amelala kwa majonzi na sisi hatuna ruhusa ya kumkabidhi mwingine. Andika jina lako, au la kampuni ya mazishi ya huku iliyokubali kazi.

Jeneza la safari silo la kawaida. Makubaliano ya nchi za Ulaya ya Strasbourg ya mwaka 1973 yanataka la nje liwe la mbao, unene usiopungua milimita 20, na ndani yake liwemo la zinki lililolehemiwa au la kitu kingine kinachooza chenyewe, au liwe moja la mbao za milimita 30 lenye zinki au kitu cha namna hiyo ndani. Chini huwekwa kitu cha kunyonya majimaji. Panapohitajika hufungwa kifaa cha kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Nchi nyingi zisizo za Ulaya nazo zina masharti yanayofanana na hayo. Kwa hiyo ni zito, na gharama ya ndege huenda kwa uzito. Kama kuna ndege ya pili ndogo ya kumalizia safari, uliza mapema kama mlango wake unapitisha jeneza la vipimo hivyo. Nimeona familia zikikwama kituo cha katikati kwa jambo hilo tu.

Hati halisi husafiri pamoja na jeneza. Mwambie yule mwenzake abaki na nakala za zote. Simu, saa na fedha za marehemu zisiwekwe jenezani. Ziorodheshwe, zisainiwe, zije kivyake.

Binti wa Tatu amejibu:

Pole sana dada. Kama dini yenu haitaki mwili upakwe dawa, sema sasa hivi, kabla mtu hajaugusa. Yapo mashirika ya ndege yanayokubali mwili usiopakwa dawa ukiwa ndani ya jeneza lisilopitisha hewa, na yapo yanayokataa, hivyo ndege itachaguliwa kwa kufuata hilo.

Mtu akikushauri mwili uchomwe mrudishe majivu kwa sababu ni nafuu, ni kweli ni nafuu na hati ni chache. Ila mama yako amesema anataka kumwona mwanawe. Hilo ukilikubali halirudi nyuma, basi asilikubali mtu mwingine kwa niaba yenu. Mpe yule mwenzake uwakili wa maandishi unaotaja anachoruhusiwa kufanya, na kuchoma mwili kuandikwe kuwa hakuruhusiwi.

Dada Mtu amejibu:

Mungu awabariki. Ubalozi umenijibu na orodha imekuja. Mwajiri anasema bima ipo, wanatafuta namba yake, kwa hiyo ile kampuni nimeiambia isubiri. Mzee wangu wa kago, swali moja tu limebaki: hilo jeneza la zinki likishalehemiwa, mama atamwonaje?

Mzee wa Kago amejibu:

Umeuliza wakati wake, mwanangu. Kulifungua huku si jambo la familia. Panatakiwa ruhusa ya maofisa wa afya, na kuna nchi hairuhusiwi kabisa. Lakini yapo majeneza ya zinki yenye kidirisha cha kioo usawa wa uso. Ukifungua kifuniko cha mbao unamwona bila kugusa zinki. Muulize kwanza aliyeupaka dawa mwili akwambie kwa ukweli uso uko katika hali gani, maana alikutwa amefariki na amefanyiwa uchunguzi. Jibu hilo lipokee wewe au mjomba, asilisikie mama kwanza. Hali ikiruhusu, agiza kidirisha kabla hawajalehemu, na kiandikwe kwenye makubaliano pamoja na bei yake. Usitegemee maneno ya simu.