Msaada: nataka kumjua mwenye kofia ya Kijerumani iliyokuwemo kwenye kasha la babu

mwana_wa_wete:
Assalaam alaykum nyote. Mie niko Wete, Pemba. Mwezi uliopita tulikuwa tunaezua nyumba ya marehemu babu mzaa baba maana mabati yameoza yote, ikabidi vitu vyote vitolewe nje na lile kasha lake la misumari ya shaba ambalo tangu niko skuli sijaliona likifunguliwa likafunguliwa. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye kaniki na konde mbili za karafuu zilizokwisha harufu, pana kofia ya askari wa Kijerumani. Sio ya chuma, ni ngozi nyeusi ngumu, utosini ina mwiba wa shaba na mbele ina bamba la tai katanua mbawa, tai ana utepe wa maneno MIT GOTT FÜR KÖNIG UND VATERLAND. Kisogoni ngozi imepasuka na mshono umeachia.

Ndani pana mihuri imegandamizwa kwenye ngozi. Ukimulika na tochi ya simu kwa ubavu unasoma J.R.76, halafu 8.K., halafu B.A.IX na 1909. Na chini ya ule ukanda wa ngozi unaokaa kichwani kimegandishwa kikaratasi kina mwandiko wa wino, wino wenyewe umeshakuwa rangi ya chai. Najua ni jina lakini silisomi, naona mistari imesimama tu kama meno ya msumeno.

Kwetu inaitwa kofia ya Hambugi. Tumekua tukiambiwa babu alipigana vita vya Mjerumani huko Mrima, akamkamata askari mmoja jina lake Hambugi akamvua kofia. Mtoto akilia usiku anaambiwa nyamaza, Hambugi yuko mlangoni anataka kofia yake. Sasa juzi nimeishika nikaona ule ukanda wa ndani umeiva jasho pale kwenye paji la uso, alama imebaki mpaka leo. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Huyu alikuwa mtu na kwao. Nataka kumjua ni nani na kama ana wajukuu, naanzia wapi?

karafuu_kavu:
Kaka kama unauza sema bei, nakuja na boti kesho.

binti_malindi:
Usiuze, tena usimjibu huyo. Mie nna wazo moja, hapa Unguja tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia ya Kiingereza Pegasus pale pale bandarini wakaipiga mpaka ikazama, wale waliokufa wengine wamezikwa Chapwani, makaburi yapo mpaka leo. Labda kofia ilitoka huko?

msoma_mihuri:
Wa alaykum salaam mwana wa Wete. Binti Malindi, Königsberg ilipiga kwa mbali ikaondoka, mtu hakushuka, na mabaharia wa Kijerumani walivaa vikofia laini sio hizi. Kwa hiyo hapo hapana.

Ndugu yangu nakwambia kwa heshima ya marehemu babu: kofia hii haikuvuliwa mtu vitani Afrika Mashariki. Majeshi ya Mjerumani huku, yale ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, wazungu walivaa helmeti za jua za kitambaa cha kaki au kofia pana zilizopindwa upande mmoja, na askari weusi walivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki kinachoshuka kisogoni. Hii yako ya mwiba ni ya jeshi la Ulaya na huko nako ilianza kuondoka 1916 zilipokuja za chuma. Babu alizaliwa mwaka gani kwani?

Mihuri yako lakini ni mizuri sana, wengi wanapata kofia iliyofutika kabisa. J ni I, zamani waliiandika hivyo, kwa hiyo J.R.76 ni rejimenti ya 76 ya askari wa miguu. 8.K. ni kombania ya 8. B.A. ni stoo ya mavazi na IX ni kori ya 9 ya jeshi, 1909 ni mwaka stoo ilipoipokea. Maana yake ni kofia ya serikali, aliyoivaa ni askari wa kawaida, maana maofisa walijinunulia zao na zile zina hariri ndani. Na hapa uwe makini: kofia ya stoo inaweza kuvaliwa na huyu miaka miwili akimaliza utumishi akapewa mwingine. Ndio maana kikaratasi chako ni bora kuliko mihuri yote.

Tai na yale maneno ni ya Prussia, dola iliyokuwa kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, "pamoja na Mungu, kwa ajili ya mfalme na nchi ya baba". Lakini tai peke yake hatoshi. Tazama ubavuni pale mkanda wa kidevu unapofungiwa, kila upande pana kiduara cha bati cha rangi. Cha kulia kitakuwa cheusi, cheupe na chekundu, hicho ni cha dola nzima. Nataka cha kushoto. Kina rangi gani?

fundi_ngozi_chake:
Kabla hamjaenda mbali, usiisugue shaba na dawa yoyote na ngozi usiipake mafuta ya nazi, najua ndio kitu cha kwanza watu wanafanya, inalainika wiki moja halafu inaota ukungu na mishono inakatika. Usiitie kwenye mfuko wa plastiki hewa yetu hii ya bahari itakuozea. Jaza karatasi safi isiyo na maandishi ndani isiporomoke, funga kitambaa cha pamba, weka juu kabatini. Na hicho kikaratasi usikibandue, piga picha kikiwa hapo hapo.

mwana_wa_wete:
Ahsanteni mno. Fundi, nilikuwa nna chupa ya mafuta mkononi, wallahi.

Msoma mihuri, babu kafariki 1971 na shangazi anasema alikuwa na miaka sabini hivi, kwa hiyo wakati wa vita alikuwa kijana mdogo tu. Nimemuuliza shangazi, ana miaka 86, ndio mtoto wa babu pekee aliyebaki. Kasema baba yake hajawahi kuwa askari maisha yake, alikuwa baharia, fundi wa moto kwenye meli za makaa, na mgongoni alikuwa na makovu ya kuungua. Habari za vita anasema zilianza kwa wajomba.

Kiduara cha kushoto nimekisafisha kwa kitambaa kikavu tu. Ni cheupe kina msalaba mwekundu. Ni ya hospitali?

msoma_mihuri:
Sio hospitali. Nimesoma jibu lako nikasimama.

Cheupe chenye msalaba mwekundu ni cha miji ya Hansa, ile miji ya bandari iliyoungana kibiashara zamani, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck. Na rejimenti ya 76 ndiyo rejimenti ya Hamburg, jina lake kamili linataja mji huo huo, kori ya 9 makao yake Altona ubavuni mwa Hamburg. Sasa sema Hamburg kwa mdomo wa baharia wa Pemba. Hambugi sio mtu. Hambugi ni mji. Babu aliwaambia wanawe kofia katoka nayo wapi, na wajukuu wakageuza mji ukawa mtu.

Na njia yake ipo wazi. Kampuni ya meli ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliundwa Hamburg 1890, meli zake zikija mwambao huu mpaka Unguja, vita vikazikata, miaka ya 1920 zikarudi tena. Baharia wetu akifika Hamburg miaka hiyo anakuta nchi imeshindwa vita na watu wana njaa, kofia kama hii mtu anaitoa kwa vitu kidogo tu.

Kumtafuta mwenyewe: daftari za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam, Aprili 1945, ndege zilipopiga mabomu, kwa hiyo orodha ya kombania hutaipata, usihangaike. Zilizobaki ni Verlustlisten, orodha za waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea zilizochapishwa wakati wa vita, ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya watafiti wa nasaba wa Kijerumani na unatafuta kwa jina. Za mpaka mwisho wa 1916 zinataja rejimenti na kombania, baada ya hapo ni jina na mahali alipozaliwa tu. Na Hamburg ina vitabu vya anwani vya kila mwaka, jina, kazi na mtaa, navyo vimewekwa mtandaoni.

Mwandiko huo unaitwa Kurrent. Herufi e yao inafanana na n yetu, u ina kijipinde juu yake ili isichanganywe na n, na s ni ndefu inashuka chini ya mstari. Soma upya polepole, jina usiliposti hapa.

mwana_wa_wete:
Nimelisoma! Nilikuwa nahesabu n tatu kumbe mbili ni e. Nilimsomea shangazi kwa sauti, na nikamwambia kuwa Hambugi ni mji, akanyamaza kitambo halafu akasema "ndio maana baba alikuwa akicheka tukiogopa".

Kwenye orodha nimepata wawili wa jina hilo rejimenti ya 76. Mmoja kombania ya 5, kajeruhiwa kidogo 1914, mzaliwa wa Hamburg. Mwengine ni kombania ya 8, kapotea. Moyo ulinipiga. Lakini jina la kwanza kwenye kikaratasi linaanza na W na huyu wa kombania ya 8 ni H. Wa kombania ya 5 ndio W.

msoma_mihuri:
Mshike W. Kikaratasi kina jina lake, muhuri wa 8 unaweza kuwa wa kabla yake. Na kajeruhiwa kidogo, maana yake siku hiyo alibaki hai. Ujerumani vitabu vya vizazi vikipita miaka 110 huhamia nyaraka za mji, vya ndoa 80 na vya vifo 30, na yeyote anaweza kuomba. Andikia nyaraka za Hamburg uombe kizazi chake kwanza, pembeni ya cheti mara nyingine huandikwa ndoa na kifo, ukipata ndoa ndio utaweza kuanza kutafuta kama alipata watoto.

mwana_wa_wete:
Barua lazima iwe ya Kijerumani?

msoma_mihuri:
Kiingereza watakujibu. Lakini iandike kwa Kiswahili kwanza kama ulivyoandika hapa, na habari ya jasho usiikate, nitumie inboksi nikutafsirie kwa Kijerumani.