MREJESHO: Yule wa sukari niliyeuliza matunda na njaa ya usiku
Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi uliopita kama mwenye kisukari aina ya pili anaruhusiwa matunda, na njaa ya saa tano usiku nifanyeje. Asanteni sana aisee. Juisi ya miwa nimeacha, embe nakula nusu tu tena baada ya ugali kidogo na maharage sio tumbo tupu, ila kilichonipunguzia njaa haswa ni pera, natafuna na ganda lake. Asubuhi kabla ya kula kipimo cha sukari kilikuwa kinasoma 10 (mmol/L) saivi 7 na kitu, dawa nameza kama kawaida. Nilipofeli ni ndizi mbivu, nilinunua kichane Mabibo nikajiambia moja tu, kufika Ubungo nimebaki na maganda manne mkononi (konda ananicheka), kipimo kikaruka 13. Siku hizi nanunua moja moja. Ila njaa ya usiku haijaisha kabisa, bado inakujaga.