Nirudi mitandaoni kutafuta koneksheni za kazi au nibaki nilivyo? Naogopa taarifa zangu kuzagaa

Binti_wa_Igoma:
Habari za muda huu wakuu, naombeni mawazo yenu hasa nyie mlio makazini na mnaoelewa haya mambo ya mitandao. Mi nipo Mwanza, nina diploma ya maabara, leseni ya baraza la fani yetu ninayo, kazi ndo natafuta. Zamani nilikuwa mitandaoni kama watu wengine ila nikajitoa kote nikabaki na WhatsApp tu, na yenyewe picha sijaweka. Sababu kuna mtu alichukua picha zangu na jina langu akafungua akaunti akawa anawaandikia ndugu zangu na watu wa kanisani eti mama kalazwa nimekwama hela ya dawa, mama mdogo akatuma, mwalimu wangu wa chuo naye akatuma. Akaunti ilikuja kufutwa baadaye sana na hela ndo hivyo haikurudi. Iliniuma mno kwa sababu wale watu walituma kwa ajili ya kunipenda mimi.

Sasa shida yangu, wenzangu niliosoma nao wanapata kazi na kila ukimuuliza mtu ulijuaje hiyo nafasi anakwambia niliona kwenye grupu, au kuna mtu kaniunganisha. Kazi za serikali sawa zinatoka Ajira Portal kila mtu anaona, ila hospitali binafsi na miradi tangazo linarushwa grupuni asubuhi, jioni washapata mtu. Rafiki yangu mmoja alichukuliwa kwenye mradi Shinyanga na mtu ambaye hawajawahi kuonana, walikuwa wanachangia tu mada za damu salama kwenye grupu. Mama anasema rudi, kaka yangu anasema usithubutu, huko wanakusanya taarifa za watu wanafanyia biashara. Nyie mnaonaje, hivi inawezekana kupata hizo koneksheni bila kuyaanika maisha yako?

Chifu_wa_Nzega:
Dada msikilize kaka yako. Watu wanadhani ukiwa mwangalifu mwenyewe basi uko salama, si kweli. Chukulia ile ishu ya Cambridge Analytica, kampuni ya kuchambua taarifa za watu kwa ajili ya kampeni za siasa, iliyofumuka 2018, waliojaza yale maswali ya kupima tabia kule Facebook walikuwa kama 270,000 tu, lakini taarifa zilizobebwa Facebook wenyewe walikuja kukiri zinaweza kufika za watu milioni 87. Hao wengine wote walifanya kosa gani? Hawakujaza chochote, ni rafiki yao ndo alijaza. Na usidhani ni mambo ya Wazungu, kampuni hiyohiyo ilifanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi Kenya 2013 na 2017. Facebook wakapigwa faini ya dola bilioni 5 Marekani mwaka 2019, wakalipa, biashara ikaendelea. Halafu 2021 zikatoka namba za simu na majina ya watu zaidi ya milioni 500 ziko wazi mtandaoni mtu yeyote anapakua. Namba ya simu hubadilishi kama nguo dada yangu, ikishatoka imetoka. Kaa nje, peleka barua zako za maombi kwa mkono hospitali moja moja, watu wanapata kazi hivyo mpaka leo.

Afisa_Rasilimali:
Chifu heshima yako ila hapo kwenye kupeleka barua kwa mkono unamdanganya mdogo wetu. Mimi nimekaa upande wa kuajiri miaka mingi, bahasha zinazoachwa mapokezi nyingi hazifiki mezani kwa mwenye uamuzi, sisemi ni vizuri ila ndo hali ilivyo.

Hili jambo limeshachunguzwa na wasomi kitambo. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika 1973 kuhusu watu wa mji mmoja karibu na Boston waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, akawauliza huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi, waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengine wote walisaidiwa na watu wa kuonana mara mojamoja au kwa nadra, mtu mliwahi kufanya kazi pamoja, mtu mnafahamiana juu juu. Na sababu yake inaeleweka, ndugu na marafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, habari mpya iko kwa mtu wa mbali. Sasa dada, huyo mtu wa mbali zamani ulikutana naye kwenye semina au msibani, siku hizi yuko kwenye grupu. Ukijitoa unabaki na wale wa karibu tu, na ndo maana habari zinakufikia nafasi ishajazwa.

2022 ikatoka tafiti nyingine kubwa ya LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, watu zaidi ya milioni 20, ikaonyesha hivyohivyo, wanaokusaidia kuhama kazi ni wale mnaofahamiana kiasi, sio wa karibu sana wala wasiokujua kabisa.

Chifu_wa_Nzega:
Afisa hiyo tafiti umeitaja nusu. Malizia basi kwamba hao watu milioni 20 hawakuambiwa kama wanafanyiwa majaribio. LinkedIn walikuwa wanabadilisha ile sehemu ya "watu unaoweza kuwafahamu", huyu anapewa watu wa karibu, yule anapewa watu wa mbali, halafu wanaangalia nani kapata kazi. Kuanzia 2015 mpaka 2019. Yani kuna mtu alikuwa anatafuta riziki na nafasi yake ya kukutana na watu ilikuwa inachezewa na hajui. Faida ipo sikatai, mi nauliza bei yake nani anaipanga.

Afisa_Rasilimali:
Hapo nakubaliana na wewe Chifu, na waliulizwa sana kuhusu hilo, wakajibu kwamba masharti yao yanaruhusu. Ni masharti ambayo sisi wote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Lakini bado simwambii mtu asiye na kazi akae nje kwa sababu hiyo.

Wakala_Kirumba:
Naomba niingie hapa maana mnaongelea Marekani na dada yuko Igoma. Mi ni wakala wa pesa, utapeli wa hapa kwetu nauona dirishani kila siku na asilimia kubwa mzizi wake ni namba ya simu. Fikirieni, laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole. Mtu akiwa na namba yako tu, anaiingiza kama anataka kukutumia pesa, kabla hajathibitisha jina lako linakuja. Sasa ameshajua jina lako, anaingia WhatsApp anaona picha yako na stetasi, ana kila kitu cha kuanzia kujifanya wewe. Na ukishaingia grupu la watu mia tatu, watu mia tatu wana namba yako, hata wale usiowajua, hata yule aliyeingia jana kwa linki.

Kwa hiyo dada ushauri wangu sio urudi au usirudi, ni kwamba usirudi na hiyo namba. Tafuta laini ya mtandao mwingine, hiyo ndo iwe ya kazi, ndo uweke kwenye CV, ndo uingie nayo magrupu ya ajira. Laini ambayo mama na mama mdogo na benki wanaijua iache nyumbani isionekane popote. Jina litaonekana bado, hilo hulikwepi, ila mtu akija kwa mama mdogo na ile laini ya kazi mama mdogo atajua hii siyo ya mwanangu. WhatsApp nenda kwenye mipangilio ya faragha, picha waone uliowasevu tu, na ile ya nani anaweza kukuingiza kwenye grupu weka hivyohivyo. Weka na ile namba ya siri ya tarakimu sita ya hatua mbili, wengi hawana na ndo wanaibiwa akaunti. Piga *106# pia uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta ambayo sio yako kimbia kwenye duka la mtandao husika. Meseji za kitapeli zitume 15040.

Na CV zenu jamani! Kuna watu wanazirusha kwenye magrupu ya Telegram kama zilivyo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, dini, umeoa hujaoa, mpaka namba za wadhamini watatu. Wale wadhamini hawakuomba kuwekwa huko. Grupuni tuma mistari mitano tu, elimu yako, leseni, uko mkoa gani, CV kamili anapewa mwajiri aliyejitambulisha kwa barua pepe ya taasisi. Akikuomba hela ya "fomu" au "usajili" huyo siyo mwajiri.

Nyarugenge_254:
Wakala amesema ukweli. Mimi niko Nairobi, wacha niongeze kitu cha sheria kwa sababu watu hudhani hakuna mahali pa kulalamika. Huku tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake, na Septemba 2023 alipiga faini tatu watu wakashtuka. Klabu moja ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake, shule moja 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila wazazi kukubali, na kampuni ya mikopo ya simu 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Hiyo ya mikopo ndiyo inanigusa zaidi, rafiki yako anakopa, aplikesheni inasoma majina yote kwa simu yake, akichelewa kulipa unapigiwa wewe unatukanwa. Hata kama hauna akaunti popote duniani, jina lako liko kwa simu za watu wengine. Kwa hivyo kutoka mitandaoni hakukulindi vile unafikiria.

Wakala_Kirumba:
Hata huku Tanzania Benki Kuu (BoT) mwishoni mwa 2024 ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni ikazipiga marufuku. Na sheria ya taarifa binafsi tunayo ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, tume yake ipo na inapokea malalamiko. Tatizo watu hawajui kama ipo.

Mama_Maabara_Moro:
Mwanangu Binti wa Igoma, mimi ni mwenzako wa fani, nimekaa maabara tangu enzi za kuandika majibu kwenye daftari. Rudi, ila rudi kama mtaalamu. Mambo ya nyumbani, mchumba, misiba, chakula cha Jumapili, hayo yabaki kwa watu wako. Kwenye uso wa kazi weka picha moja ya heshima, cheo chako, leseni, mashine unazoziweza. Ukiniambia umeshika GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, na mashine ya kuhesabu chembe za damu, na kwamba umefanya zamu za usiku peke yako, mimi hapo nimeshakuelewa kuliko kama ningeona picha zako mia. Chama chetu cha MeLSAT kina watu wa kila mkoa, jiunge, nenda na mikutano ukipata nauli, mtu mkionana uso kwa uso siku moja halafu mkaendelea grupuni ule uhusiano unakuwa na nguvu kweli.

Lakini kuna jambo hapa hakuna aliyeligusa na linanitia uchungu. Mnaongelea faragha yenu, na ya mgonjwa je? Nawaona vijana wanajipiga picha na darubini kuonyesha wako kazini, nyuma yake fomu ya maombi ya kipimo iko wazi, jina, umri, kijiji, kipimo alichoandikiwa. Mwingine anapiga picha kioo cha slaidi kimeandikwa jina anaomba wenzake wamsaidie kutambua mdudu. Yule mgonjwa alitoa damu yake akiamini inaishia pale, na kwa VVU sheria ya 2008 inasema wazi majibu ni siri. Mji mdogo jina moja linatosha, mtu anaachwa na mume kwa picha ya kijana aliyetaka laiki. Mimi nikiona kitu kama hicho kwenye ukurasa wa anayeomba kazi sihangaiki hata kumuita, na najua wakuu wa maabara wengi wako hivyo. Kwa hiyo huo woga ulionao mwanangu usiutupe wote, utakufaa kazini.

Binti_wa_Igoma:
Asanteni sana wote, na Mama Moro shikamoo, umenigusa. Ile ya laini ya pili naifanya wiki hii, na picha itakuwa moja tu. Chifu hofu yako bado ninayo moyoni, sitaweka namba ya nyumbani wala kuruhusu programu zisome majina ya kwenye simu yangu. Swali la mwisho, CV yangu ya zamani yenye namba za wadhamini nilishaitumaga kwenye magrupu mawili ya ajira kabla sijajitoa, nafanyaje?

Wakala_Kirumba:
Kwenye WhatsApp muda wa kufuta kwa wote umeshapita, waombe maadmini waifute kama bado inawezekana, na hata wakifuta waliopakua wanayo. Wapigie hao wadhamini leo, kila mmoja mwenyewe, wape namba yako ya kazi na uwaambie mtu yeyote akiomba hela kwa jina lako wakate simu wakupigie ile namba wanayoijua siku zote.

Mama_Maabara_Moro:
Marhaba mwanangu. Ukishapata laini niandikie inboksi nikuunganishe na grupu la watu wa maabara Kanda ya Ziwa, maadmini wake ni wakali, hawaruhusu majina ya wagonjwa wala matangazo ya mikopo. Ukiingia jitambulishe kwa mistari michache usiombe kazi siku hiyohiyo. Kuna maswali kila siku, mtu mashine imegoma, mwingine kontroli, zile sampuli za kuhakiki mashine, zinatoka nje ya kiwango hajui aanzie wapi, ukiona unalolijua jibu kwa utaratibu, wakuu wa maabara wanasoma mle hata kama hawaandiki.