Kijana miaka 26: nimtumie hela kila mwezi, nimkatie sehemu ya mikorosho, au nimnunulie pikipiki?

Mzee wa Nanguruwe
Wanajamvi, salaam. Mwanangu wa kwanza kamaliza chuo, huu mwaka wa pili yuko Dar, ajira hajapata. Kila mwisho wa mwezi ujumbe unaingia: "Shikamoo baba, naomba 80,000 ya chumba, na ya kutolea." Hiyo "na ya kutolea" ndiyo inayonimaliza. Kisheria sidaiwi kitu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaishia chini ya miaka 18, lakini sheria hiyo nendeni mkamsomee mama yake. Nimewaza njia tatu, mmeziona hapo juu. Nishaurini.

Bi Mikindani
Shikamoo mzee. Piga hesabu kwanza: 80,000 mara miezi 24 ni 1,920,000. Pikipiki ya mkononi umeshaituma kwa simu, na huna hata tairi la kuonyesha.

Tandahimba Kwetu
Mzee mwenzangu, kwenye mikorosho nisikilize, nimeshaungua. Nilimkatia wangu miti 40. Mwezi wa saba, miti ndiyo kwanza inatoa maua, kumbe keshauza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, hela keshakula. Oktoba napita shambani namkuta mtu nisiyemjua anaokota na wanawe, magunia yake kayapanga chini ya mti niliopanda mwenyewe.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Ukimpa mikorosho bado utamlisha. Kupalilia, kupuliza salfa, kuokota, kupeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kusubiri mnada, kusubiri hela iingie akaunti: hapo zaidi ya nusu mwaka mfukoni hana kitu. Ndiyo maana wanakimbilia kangomba, siyo wote wahuni. Kama ni lazima, mpe mavuno ya msimu mmoja. Miti na jina kwenye daftari la AMCOS vibaki vyako.

Mmwera wa Nyangao
Kabla ya kukata chochote, hayo mashamba ni yako au ni ya ukoo wa mama yake? Kwetu Wamwera, na Wamakonde vilevile, ukoo hufuata upande wa mama; mjomba asipoitwa kwenye kikao hicho utakuja kujibu msibani.

Boda Masasi
Shikamooni wazee. Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili, nina diploma kabatini. Mama alininunulia pikipiki 2,500,000 lakini kwa mkataba, kama bosi yeyote: 7,000 kwa siku, Jumapili yangu. Miezi 14 nikamaliza, kadi ikabadilishwa jina. Siku za masika nilikuwa narudi nimelowa, abiria wawili tu kutwa nzima, namkuta kakaa barazani na kidaftari chake, ananyoosha mkono. Nilimchukia kweli. Ila angenipa bure ningeiuza mwezi wa tatu, najijua.

Bi Mikindani
Mama huyo apewe wizara 😂

Dada Lindi Mjini
Mbona hamjagusa mkopo wa halmashauri? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya vijana, na haina riba. Lakini ni ya vikundi, kwa hiyo lazima atafute wenzake. Akikaa tu peke yake anasubiri barua za usaili hilo halimhusu.

Tandahimba Kwetu
Kikundi nacho kina mambo yake. Mmoja akitoroka mnabaki mnalipa deni lake.

Mzee wa Nanguruwe
Asanteni. Mjomba wake nimemwambia, kasema mikorosho niiache kwanza. Kwa hiyo ni pikipiki, na kwa mkataba kama wa mama wa Masasi. Kidaftari mke wangu keshanunua. Jana nikampigia kijana nikamuuliza leseni anayo? Akacheka, anasema kuendesha anajua, leseni hana.

Nimemtumia ya leseni. Na ya kutolea.